Kalamu Ilipokuwa Mkononi mwa Mwanafunzi

Nakuru ya miaka ya 1950 ulikuwa mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi. Walowezi wa Bonde la Ufa walikuwa na jumba lao la maonyesho, Nakuru Players' Theatre, ambako waliigiziana michezo ya Kiingereza. Waafrika, wengi wao vibarua wa reli, wa mashamba na wa majumba ya Wazungu, walikuwa na ukumbi wa Menengai katika mtaa waliotengewa. Katika ukumbi huo ndimo ilimotua michezo ya Kiswahili iliyotungwa na wavulana waliokuwa bado wanavaa sare za shule.

Wavulana hao walisoma Alliance High School, Kikuyu, kilomita zipatazo 20 kutoka Nairobi. Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike akaja na Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, naye B. M. Kurutu akatoa Atakiwa na Polisi. Michezo hiyo iliigizwa kwanza shuleni, kisha ikapelekwa Nakuru kwa watazamaji wa mtaani. Wa Kuria ulichapishwa mwaka 1957 na East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni lililoundwa mwaka 1948 kuchapisha vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki. Wa Gerishon Ngugi ulitoka mwaka 1961.

Kwa hiyo anayetafuta chimbuko la tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa nchini Kenya hana budi kupitia mlango wa chama cha maigizo cha shule ya bweni. Kenya ya siku hizo haikuwa na chuo kikuu, na jumba kubwa la maonyesho la Nairobi lilikuwa mikononi mwa Waingereza. Waliobaki na nafasi, muda na hamu ya kuandika ni vijana wa umri wa sekondari. Historia ya fasihi yetu huwataja vijana hawa kwa mstari mmoja, kisha ikakimbilia majina makubwa ya miaka ya 1960 na 1970. Hawastahili kupitwa haraka hivyo.

Alliance ilianzishwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na ndiyo shule iliyopokea wavulana waliofaulu zaidi kutoka pande zote za koloni. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 iliongozwa na Edward Carey Francis, mtaalamu wa hesabu aliyeacha kazi ya kufundisha Cambridge akaja shule ya Maseno, Kenya, mwaka 1928. Siku ya mwanafunzi ilipangwa tangu kengele ya alfajiri hadi taa kuzimwa, na masomo ya darasani yalikuwa sehemu tu ya siku hiyo. Alasiri na jioni zilikuwa za michezo ya uwanjani, uskauti, kwaya, midahalo na maigizo. Mpango huu ulitoka katika shule za bweni za Uingereza, ambako iliaminiwa kwamba tabia ya kijana hujengwa zaidi nje ya darasa. Wakoloni waliuleta wakiwa na nia ya kulea watumishi wa serikali na viongozi wa kanisa watakaojua kutii na kuamrisha.

Mchezo wa kila mwaka ulikuwa wa Shakespeare. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955 na kumaliza mwaka 1958, aliitaja aliyoikuta: As You Like It, Henry IV sehemu ya kwanza, King Lear na A Midsummer Night's Dream, mmoja kila mwaka. Kwa kuwa shule ilikuwa ya wavulana, sehemu za wanawake nazo ziliigizwa na wavulana, jambo ambalo Shakespeare mwenyewe asingelishangaa. Mistari ilikaririwa kwa Kiingereza cha zama za Shakespeare na vijana ambao, katika shule za msingi walikotoka, wengi wao waliadhibiwa waliposikika wakizungumza lugha ya mama.

Ni kweli kwamba Shakespeare aliwafundisha mengi. Aliwaonyesha jinsi mhusika anavyojifichua kwa maneno yake mwenyewe, jinsi onyesho linavyopaswa kukatwa kabla halijachosha, na jinsi kicheko kinavyoweza kukaa jirani na kilio. Ila michezo hiyo ilikuwa na kikomo. Mvulana aliyeng'ara jukwaani kama mfalme Lear asingeweza kumwalika mama yake akamtazame, maana mama angekaa saa tatu bila kuelewa neno.

Hapo ndipo michezo ya akina Kuria inapopata uzito wake. Nakuru ilikuwa na Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakalenjin na watu wa pwani, wote wakiishi mtaa mmoja na kufanya kazi kwa bwana mmoja. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa moja tu. Vijana waliotaka kusikika katika ukumbi wa Menengai walijua waandike kwa lugha gani, na hawakuhitaji mwalimu awaambie. Majina ya michezo yenyewe yanaonyesha walikoelekeza macho: mapenzi yenye kikwazo, kijana anayeamini amelogwa, mtu anayesakwa na polisi. Na hizi zilikuwa siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kupambana na Mau Mau Oktoba 1952 na kudumu hadi 1960, siku ambazo kusakwa na polisi kulikuwa jambo la kila nyumba katika nyanda za kati na Bonde la Ufa.

Si kwamba maigizo yalianzia shuleni. Pwani ilikuwa na ngoma ya beni tangu mwisho wa karne ya 19, ambamo vijana wa Lamu na Mombasa walivaa maleba ya kijeshi, wakajipa vyeo na kushindana mtaa kwa mtaa kwa gwaride, nyimbo na kejeli. Bara kulikuwa na watambaji wa hadithi waliobadili sauti kwa kila mhusika. Kilichoanzia shuleni ni mchezo ulioandikwa, wenye wahusika na mazungumzo yaliyopangwa kwenye karatasi, ambao mtu wa mji mwingine anaweza kuuchukua akauigiza bila kumwona mtunzi.

Mwingereza mmoja anastahili kutajwa hapa. Graham Hyslop alikuwa afisa wa muziki na drama wa koloni zima, na yeye mwenyewe aliandika michezo ya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, iliyochapishwa mwaka 1957, mwaka uleule wa kitabu cha Kuria. Uhuru ulipokaribia aliwekwa katika jopo la wanamuziki watano lililotayarisha wimbo wa taifa kutokana na bembelezi ya Wapokomo. Alipenda sanaa za Kenya na alizifanyia kazi kwa bidii. Hata hivyo ofisi yake ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, na serikali hiyo ilitaka maigizo yawe ya adabu, yenye mafunzo ya usafi na maadili, yasiyogusa ardhi wala kodi wala bunduki.

Tamasha la maigizo la shule za Kenya lilianza mwaka 1959 katika hali hiyo. Fainali zilifanyika Kenya National Theatre, jumba lililofunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Waamuzi walikuwa Wazungu, michezo ilikuwa ya Kiingereza, na alama zilitolewa kwa matamshi kama zilivyotolewa kwa uigizaji. Shule za Wazungu na za Waasia zilikuwa nyumbani. Za Waafrika zilikuja kama wageni wanaojaribu kuonyesha kwamba nao wanajua kula kwa uma. Kiswahili cha Menengai hakikuwa na kiti katika ukumbi ule.

Ushindani huo wa wanafunzi uliendelea hadi chuoni Makerere, ambako mabweni yalishindana kwa maandishi na maigizo ya Kiingereza. Ngũgĩ aliandika michezo mifupi miwili kwa mashindano hayo. Mmoja, The Wound in the Heart, ulihusu mpiganaji wa Mau Mau anayerudi nyumbani na kukuta mkewe amenajisiwa na afisa wa Kiingereza. Ulinyimwa jukwaa la taifa la Uganda jijini Kampala, kwa hoja kwamba afisa wa Kiingereza hawezi kutenda jambo kama hilo. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Uganda, wanafunzi wa Makerere waliigiza mchezo wake The Black Hermit katika jumba hilohilo. Mwanafunzi aliyeanza kwa kubeba mistari ya Shakespeare sasa alikuwa anaandika yake.

Tanganyika ilikuwa na njia yake. Julius Nyerere, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari Pugu, alitafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar ukachapishwa mwaka 1963 akiwa rais, kisha akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mathias Mnyampala naye aliandika ngonjera, mashairi ya majibizano yanayosemwa na watu wawili au zaidi, ambazo shule za Tanzania zilizikumbatia kwa shangwe. Karibu kila Mtanzania aliyesoma miaka ya 1970 na 1980 aliwahi kusimama mbele ya mgeni rasmi akighani ngonjera. Huko lugha ya jukwaa la shule haikuwa na mabishano.

Kenya ilichukua muda mrefu zaidi. Miaka kumi baada ya uhuru, Kenya National Theatre ilikuwa bado inaendeshwa kwa ladha ya Waingereza, na mwaka 1976 Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo walilazimika kung'ang'ania siku chache za kuigiza The Trial of Dedan Kimathi katika jumba lililoitwa la taifa. Mageuzi ya tamasha la shule yalikuja kwa utulivu zaidi, kupitia mtumishi wa Wizara ya Elimu. Wasambo Were, Mwafrika wa kwanza kuwa mkaguzi wa drama nchini, aliongoza juhudi za kulitoa tamasha Nairobi na kulizungusha mikoani. Fainali zilipofika Kakamega na kwingineko, watazamaji walikuwa wazazi, wachuuzi wa soko na walimu wa vijijini. Michezo ya Kiswahili ikaongezeka mwaka kwa mwaka. Hakuna amri iliyotolewa kuhusu lugha. Ilitosha kubadilisha nani anaketi ukumbini. Wasambo Were hajapewa heshima inayolingana na kazi hiyo.

Wakati huohuo Ngũgĩ alikuwa amehamia kwa wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulifunguliwa Oktoba 1977 na kupigwa marufuku Novemba mwaka huohuo. Mwisho wa Desemba alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Kuanzia hapo kila mwalimu aliyekuwa na chama cha drama shuleni alijua mpaka uko wapi.

Siku hizi tamasha ni kubwa kiasi cha kushangaza. Linashirikisha shule za msingi, za upili, vyuo na vyuo vikuu. Muhula wa kwanza ukianza, mazoezi huanza, na kundi linalopenya hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi eneo, na hatimaye taifa, ambako fainali kwa kawaida hufanyika Aprili. Kuna michezo ya kuigiza, mashairi ya mtu mmoja na ya kundi, ngoma za kubuni zinazotumia mapigo ya kienyeji kusimulia kisa kipya, utambaji wa hadithi, na filamu fupi. Washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Kwa shule ya kijijini, basi linaloondoka langoni likielekea fainali za taifa ni tukio linalokumbukwa kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya wanafunzi ndiyo mara ya kwanza kuvuka mpaka wa kaunti yao.

Vyama vingine vya shule vina historia zao zinazostahili makala peke yake: maskauti waliokuwapo Kenya tangu 1910, vyama vya wanyamapori vilivyoanza 1968, vyama vya sayansi na kongamano lao la kila mwaka. Ila drama ya shule imefika hata mbele ya Mahakama Kuu. Imefika angalau mara mbili, na mara hizo mbili shule ilikuwa ileile.

Butere Girls ilianzishwa mwaka 1916 na mmisionari Jane Chadwick, na miongoni mwa waliosoma hapo ni Grace Ogot, mmoja wa waandishi wa kwanza wa kike wa Kenya. Mwaka 2013 wasichana wake waliigiza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu ukabila na mgawanyo usio wa haki wa kazi na rasilimali. Ulizuiwa usiendelee na mashindano kwa madai kwamba ungechochea chuki. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani. Jaji David Majanja akaondoa marufuku hiyo, na wasichana wakaigiza katika tamasha la taifa Mombasa, Aprili mwaka huo.

Miaka 12 baadaye mambo yaleyale yalirudi, kwa ukali zaidi. Malala, ambaye katikati ya hayo alikuwa amepata kuwa seneta wa Kakamega, aliwaandikia Butere mchezo Echoes of War, uliozungumzia uongozi na kizazi cha vijana wanaodai haki yao, chini ya mwaka mmoja tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024. Shule ilizuiwa kushiriki. Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Fainali zilikuwa Nakuru. Usiku wa kuamkia siku ya onyesho, Malala alikamatwa alipokuwa akienda kukutana na wasichana. Polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya waliofika. Asubuhi ya Aprili 10, 2025 wasichana walipanda jukwaani, wakakuta ukumbi usio na watazamaji wao na mwelekezi wao hayupo. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka bila kuigiza. Malala aliachiliwa baadaye.

Mengi yalisemwa kuhusu serikali siku zile, na yalistahili kusemwa: vitoa machozi havina kazi katika tamasha la watoto wa shule. Lakini kuna jambo jingine ambalo mpenzi wa maigizo ya shule hawezi kulinyamazia. Michezo yote miwili ya Butere iliandikwa na mtu mzima aliyetoka nje ya shule. Hilo halikuwa kosa la Butere wala la Malala, aliyeandika alichokiamini na kulipa gharama yake. Ndivyo tamasha zima linavyoendeshwa sasa. Ushindani umekuwa mkali na sifa za shule zimefungwa kwenye kombe, hivyo shule zenye uwezo hutafuta mtunzi mzoefu, mwelekezi mzoefu na mtaalamu wa ngoma. Mwanafunzi hupewa mswada uliokamilika na kuambiwa aukariri. Kwa namna fulani tumerudi kwenye Henry IV ya Alliance: maneno ni mazuri, kijana anayasema vizuri, lakini si yake.

Hatari ya utaratibu huo haiko kwenye ubora wa onyesho. Baadhi ya michezo hii ni kazi nzuri sana. Tatizo ni kwamba watu wazima wanapogombana kupitia mswada, mwanafunzi hujikuta kati ya waliompa maneno na wanaomkataza kuyasema. Wasichana wa Butere walijinasua kwa uamuzi uliokuwa wao wenyewe, wa kuimba na kuondoka, nao haukuwa kwenye mswada wa mtu yeyote.

Utunzi wa wanafunzi haujafa. Bado uko Jumamosi jioni, mabweni yanaposhindana katika bwalo la chakula, kabla ya mtu yeyote kufikiria kombe. Huko mwanafunzi wa kidato cha pili huandika kichekesho kuhusu mzee wa mtaa, kuhusu simu iliyofichwa kwenye godoro, kuhusu baba aliyepotelea mjini, akawagawia marafiki sehemu zao katika karatasi zilizochanwa kwenye daftari. Lugha ni Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na kila kitu kinachopita kijijini. Bwalo huangua kicheko. Wiki inayofuata karatasi zile hutumika kufunikia vitabu.

Kuria na wenzake nao wangepotelea hivyohivyo. Majina yao yanajulikana leo kwa sababu shirika la uchapishaji lilikubali mswada wa kijana wa sekondari, likaupiga chapa na kuusambaza. Kenya ya sasa ina wachapishaji wengi kuliko ile ya 1957, ina wizara inayogharimia tamasha, na ina walimu wa Kiswahili katika kila shule ya upili. Mwalimu mmoja akikusanya michezo mitano bora ya bwaloni kwa mwaka, akaisahihisha pamoja na watunzi wake na kuipeleka kwa mchapishaji, atakuwa amefanya kazi iliyofanyika Kikuyu wakati wa ukoloni. Na tamasha likitenga siku moja kwa michezo iliyotungwa na wanafunzi pekee, majina yao yakaandikwa kwenye ratiba mbele ya jina la shule, wahariri watajua pa kuanza kutafuta.